Nafasi na Nafsi: Saa ya Mchezo ya Mfanyakazi wa Ofisini

Swali la iwapo mtu mzima mwenye majukumu anayo haki ya kucheza ni la kale kuliko ofisi, lakini ofisi ndiyo iliyolipa ukali lilio nao leo, kwa kuwa imeigawa siku katika saa zilizokwisha kuuzwa kwa mwajiri na saa chache zinazobaki mkononi mwa mwenyewe, na katika hizo zilizobaki kila tendo huhesabiwa kama matumizi ya akiba isiyotosha. Mfanyakazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayeshinda mbele ya kompyuta, kisha akakaa katika foleni ya magari hadi magharibi, hufika nyumbani akiwa na saa mbili au tatu kabla ya usingizi. Mmoja huzitumia kucheza kandanda ya PlayStation au kupanga vitofali vya Tetris kwenye simu. Mwingine hutandika mkeka sebuleni akapiga pushapu, akaruka kamba na kuunyoosha mgongo uliokakamaa kwa kukaa. Na wengi huchanganya yote mawili katika juma moja. Jambo linalochunguzwa hapa ni saa hizo ni za nani, na mwenye dini atakuwa na jibu gani atakapoulizwa alizitumiaje.

Hukumu iliyozoeleka huyapa mazoezi heshima na kuunyima mchezo wa video, kwa hoja kwamba mazoezi yana faida na gemu haina. Faida inayotajwa ni afya, na haipuuziki: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki, na Desemba 2016 Tanzania iliitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, kampeni iliyozinduliwa na Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, ili kupambana na kisukari, shinikizo la damu na magonjwa mengine yasiyoambukiza. Hakuna mwenye akili timamu atakayepinga jambo hilo. Lakini kampeni hiyo ilizaliwa chini ya serikali iliyoingia madarakani na kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu, na ni rahisi mno kwa mawazo hayo mawili kuungana hata mazoezi yakaonekana mema kwa sababu tu yanamrudisha mtumishi kazini akiwa imara, kama panga linavyonolewa jioni ili lifyeke kesho. Kwa kipimo hicho saa ya jioni nayo imekwisha kurudishwa kwa mwajiri, safari hii bila malipo, na mchezo wa video unahukumiwa si kwa ubaya wowote ulio ndani yake bali kwa kuwa haunoi kitu.

Kiswahili chenyewe kinaelekea kwingine. Neno nafasi, ambalo mtu hulitamka anaposema hana nafasi ya kufanya jambo fulani, linatokana na Kiarabu nafas, yaani pumzi, na ni ndugu wa damu wa neno nafsi. Kitenzi pumzika, ambacho ni cha Kibantu, kina asili moja na pumzi na pumua, kwa hiyo mito miwili iliyoijaza lugha hii, kila mmoja kwa njia yake, imemwaga maji mahali pamoja: aliyepumzika hasemwi kuwa ameacha kazi, anasemwa kuwa amepata pumzi. Wasaa nalo hubeba maana ya upana, kana kwamba asiye na wasaa amebanwa mahali asipoweza kugeuka. Ajabu kubwa zaidi imo katika neno ambalo hakuna anayelidhania, nalo ni shule, lililokuja na Wajerumani, pamoja na pacha wake skuli, la Kiingereza, ambalo Zanzibar bado inalitumia. Yote mawili yanarudi kupitia Kilatini hadi neno la Kigiriki skhole, ambalo maana yake ya kwanza haikuwa darasa wala mtihani bali wasaa, yaani hali ya mtu asiyesukumwa na haja ya kujitafutia riziki, ambaye kwa sababu hiyo anaweza kulitazama jambo kwa ajili ya jambo lenyewe.

Aristotle ndiye aliyeifanya skhole kuwa hoja ya falsafa. Aliona kwamba watu hushughulika ili wapate wasaa kama wanavyopigana vita ili wapate amani, na kwamba anayeligeuza jambo hilo, akautafuta wasaa ili ashughulike, ameichukua njia akaiita mwisho wa safari. Lakini hakuuweka mchezo ndani ya wasaa. Kwake mchezo ni dawa ya uchovu, na dawa hutumika kwa kipimo. Wasaa wenyewe ni wa tafakuri na muziki. Mgawanyo huu una uzito, ila unamwacha mfanyakazi wa leo na taabu, kwa sababu mtu ambaye ubongo wake umebanwa na majedwali ya hesabu tangu asubuhi huenda asiweze kuifikia tafakuri usiku, na mchezo ndio mlango pekee ambao nguvu zake zilizobaki zinaweza kuusukuma.

Dini ya Kiislamu, ambayo imeunda sehemu kubwa ya msamiati wa Kiswahili juu ya jambo hili, inalianza upande wa amana. Hadithi iliyopokewa na Bukhari huzitaja afya na faragh, yaani wasaa, neno lililoingia Kiswahili likawa faragha, kuwa neema ambazo watu wengi hupunjika ndani yake, na picha yake ni ya sokoni: mtu ametoa kitu cha thamani akapewa hafifu. Nyingine, iliyopokewa na Tirmidhi, inafundisha kwamba mja ataulizwa juu ya umri wake na juu ya mwili wake, vilikwisha katika nini. Dhidi ya neema hizo husimama lahw, neno ambalo wafasiri wa Kurani kwa Kiswahili hulitafsiri kuwa pumbao, yaani kile kinachoushika moyo hata ukasahau lililo muhimu. Kwa mtazamo wa haraka, mchezo wa video hauna pa kukimbilia.

Wanazuoni, hata hivyo, walikwenda polepole kuliko wahubiri wengi wa leo. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ilipoijadili sataranji haikufuata njia ya waliouharamisha mchezo huo moja kwa moja. Iliuhesabu kuwa makruhu, yaani usiopendeza bila kuwa dhambi, ilimradi pasiwe na kamari, sala isipitwe na wakati, na ulimi usichafuke. Inafaa kuzingatia kwamba masharti hayo hayagusi kete wala ubao, bali yanauliza mchezo umesukuma nini pembeni na umefungua mlango gani. Sharti la kamari limepata kazi mpya, kwa maana baadhi ya michezo ya video huuza makasha ya bahati ambayo mchezaji hulipia bila kujua ndani mna nini, na mamlaka ya Ubelgiji mwaka 2018 iliyahesabu baadhi ya makasha hayo kuwa kamari. Nao mkusanyo wa hadithi wa Sahihi Muslim umehifadhi kisa cha Handhala, sahaba aliyejiogopa kuwa mnafiki kwa sababu moyo uliolainika mbele ya Mtume ulitawanyika alipofika kwa mke, watoto na mali, akajibiwa kwamba ipo saa ya hili na saa ya lile. Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Ihyaa kwamba mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mwema, kwani kumnyima kunaua moyo wake na kuzima akili yake. Aliyasema hayo juu ya mtoto, lakini hakuna sababu ya kuamini kwamba moyo huacha kufa mtu akishaajiriwa.

Njia inayopendwa ya kuuokoa mchezo ni niya: mubaha, yaani tendo lisilo na thawabu wala dhambi, hugeuka ibada mtu akilikusudia kwa wema, mathalani kupata nguvu za kusali na kulea. Njia hiyo ni halali na ina heri, lakini ina mtego wake, kwa kuwa anayecheza huku akijiambia kila dakika kwamba anajenga nguvu amekwisha kuacha kucheza. Amerudi kazini kwa jina jingine. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo wa karne ya 13, aliufungua mtego huu kwa ustadi usiopitwa na muda. Alisema matendo ya mchezo, kwa namna yalivyo, hayana lengo nje yake, bali raha inayopatikana ndani yake ndiyo inayoelekea kwenye mapumziko ya roho. Faida basi ipo, ila huja kwa mlango wa nyuma, kwa mtu ambaye wakati wa kucheza haitazamii. Alikisimulia pia kisa cha kale cha Yohana Mwinjili, kwamba upinde uliovutwa daima mwishowe huvunjika, na akathubutu kusema kwamba kama kuna kosa la kuzidisha mchezo, kuna kosa pia la kuukosa, la mtu mzito asiyewapa wenzake furaha yoyote.

Tetris ni mfano mzuri wa tendo lisilo na lengo nje yake. Iliundwa mwaka 1984 na Aleksei Pajitnov, mtafiti wa kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Umoja wa Kisovieti huko Moscow, kwa hiyo ni mchezo uliozaliwa mahali pa kazi, na katika umbo lake la mwanzo hauna ushindi: vitofali huanguka kwa kasi inayoongezeka hadi mchezaji anashindwa, naye huanza tena kwa hiari yake. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha mwaka 1978, aliieleza hali hii kwa kusema kwamba kucheza ni kujitwika vikwazo visivyo vya lazima kwa sababu mtu anapenda kuvishinda. Mfanyakazi ambaye mchana kutwa ameshindana na vikwazo alivyowekewa na wengine hupata hapa kikwazo alichokichagua, na pengine huo ndio uhuru pekee alioonja siku hiyo.

Hatari iko kwingine, na Kiswahili kimeihifadhi katika neno moja. Uraibu, ambalo vitabu vya shule vya Kenya hulitumia kwa jambo ambalo mtu hupenda kulifanya katika wakati wake wa ziada, ndilo linalotumika pia kwa aliyefungwa na dawa za kulevya. Mpaka kati ya maana hizo mbili hauonekani kwa kulitazama tendo, huonekana kwa kuuliza nani anamshika mwenzake. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unautambua uraibu wa michezo ya video kuwa ugonjwa, na dalili zake si idadi ya saa, bali kushindwa kujizuia, mchezo kupanda juu ya shughuli nyingine zote, na kuendelea hata madhara yakionekana. Mazoezi nayo hayana kinga. Idadi ya hatua 10,000 ambayo simu nyingi humdai mwenye nazo kila siku ilipata umaarufu kutokana na kipima-hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 kwa jina la Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa kwanza jina la bidhaa. Anayezunguka kitanda saa tano usiku ili namba itimie, na anayefungua gemu asipoteze zawadi ya kila siku, wote wawili wameingia ofisi ya pili, yenye msimamizi asiyelala. Pushapu za mmoja zitausaidia moyo wake wa nyama, na hilo si dogo. Lakini nafsi yake, ile iliyo ndugu wa nafasi, haikupumua.

Mchezo wa bao uliepuka sehemu ya hatari hii kwa umbo lake. Mashimo 32 na kete 64 haviwezi kumwita mtu usiku, na mchezo wenyewe unahitaji mpinzani, watazamaji na baraza, kwa hiyo wengine wakiondoka umekwisha. Roho hiyo bado hai katika mashindano ya SHIMIWI, ambayo ni ya watumishi wa wizara na idara za serikali ya Tanzania, ambako makarani na wahasibu huvuta kamba pamoja.

Baraza, hata hivyo, lilikuwa la wanaume, na skhole ya Wagiriki ilisimama juu ya migongo ya watumwa. Hili ndilo ambalo mjadala wa mchezo kuwa halali au haramu hulipita bila kulitazama. Mfanyakazi wa kike aliyetoka ofisi ileile kwa saa ileile mara nyingi huikuta jikoni zamu yake ya pili, na katika nyumba nyingi za mjini, wakati mwenye nyumba anaruka kamba au anafunga bao la dakika za mwisho kwenye skrini, dada wa kazi bado anaosha sufuria, naye ataamka kabla ya wote. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011 unampa mfanyakazi wa nyumbani angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Torati ilikuwa imetangulia. Katika Kutoka 31:17, panaposemwa kwamba Mungu alipumzika siku ya saba, Kiebrania kinatumia kitenzi kilichotoka katika nefesh, neno la ukoo mmoja na nafsi na nafasi, kana kwamba Muumba naye alivuta pumzi. Kitenzi hicho ni adimu mno, kinaonekana mara tatu tu katika Biblia yote ya Kiebrania. Mojawapo ni Kutoka 23:12, katika amri ya Sabato, na wanaotajwa hapo kwamba nao wapate pumzi yao ni mwana wa mjakazi na mgeni.