KUJIFUNZA KUOGELEA SI KUKOSA IMANI

Somo: Matendo ya Mitume 27:21-44



Sisi wa kando ya Ziwa Kivu, maji ndiyo barabara yetu. Watu na mizigo yao hupita ziwani, kati ya Goma, Minova, Idjwi na Bukavu. Lakini wengi wetu tumezeeka bila kujua kuogelea. Mwezi wa Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, nchi kavu ikionekana kwa macho. Watu wengi walikufa.

Hata hivyo wako wanaosema: "Mungu ndiye mlinzi. Mtu mzima kwenda kujifunza kuogelea ni kukosa imani."

Tusome Maandiko. Malaika alimwahidi Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Merikebuni walikuwamo watu 276. Je, bahari ilikauka? Hapana. Akida aliamuru wanaojua kuogelea wajitupe kwanza, na wengine wakashika mbao na vipande vya merikebu. Wote wakafika Malta salama. Ahadi ilitoka kwa Mungu, lakini mikono ya watu ilipiga maji. Aliyekuwa amejifunza kuogelea hakumtukana Mungu. Alikuwa tayari siku ya ahadi.

Kizuizi cha pili ni haya. Baba wa miaka 45 anaona aibu kufundishwa na kijana wa miaka 15. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na maji yenyewe yanafundisha unyenyekevu: mwenye hofu anainua kichwa juu, na miguu yake inashuka. Anayekubali kulaza kichwa chali, mapafu yamejaa hewa, maji yanambeba.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Usiende peke yako. Anza na mtu anayejua, mahali ambapo maji hayazidi kifua.

2. Jifunze kwanza kutoa pumzi ndani ya maji, halafu kuelea chali, halafu kusimama tena. Mikono na miguu itafuata. Usione aibu ukihitaji majuma mengi.

3. Waulize wenyeji kabla ya kuingia. Pande za Goma kuna mazuku, hewa ya sumu isiyoonekana inayotoka ardhini na kukaa mahali pa chini, hata kando ya maji. Hiyo inamuua hata mwogeleaji hodari.

4. Ukiona mtu anazama, usimrukie kama hukufundishwa kuokoa. Atakukumbatia na mtazama wote wawili. Piga kelele, mtupie bidoni tupu iliyofungwa kifuniko, yenye kamba.

Tena tusidanganyane. Katikati ya ziwa, usiku, kwenye mawimbi, kuogelea peke yake hakutoshi. Aliyejifunza asipande chombo kilichojaa kupita kiasi, wala asikatae kuvaa jile la kuokoa. Bwana wetu alikataa kumjaribu Mungu (Mathayo 4:7), na sisi tukatae.

Vijana mnaojua maji, wafundisheni wazazi wenu kwa heshima, bila kuwacheka. Wazazi, kubalini kufundishwa. Mama anayejua kuelea anaweza kungoja mkono wa kumwokoa ufike, na watoto wake wakamwona tena nyumbani.

Bwana aliyemshika mkono Petro awatie ujasiri. Amina.