Pumzi, Bei na Mapenzi ya Mungu

Siku ya pili au ya tatu baada ya mwanamke kupasuliwa saratani ya ovari ndipo hofu huingia wodini. Kidonda kikavu, damu haivuji, ndugu wameshapiga simu kijijini kusema mama ameamka. Halafu mama anaanza kuhema. Anavuta pumzi fupi fupi, mabega yanapanda na kushuka, midomo inabadilika rangi. Huko Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kabla muuguzi hajafika na kipimo chake cha kidoleni, mara nyingi mtu mmoja kando ya kitanda huwa ameshatamka kwamba ni mapenzi ya Mungu.

Kauli hiyo haistahili dharau. Imewabeba watu wa Butembo na Beni katika mambo mazito mno: mauaji ya raia yaliyopamba moto Beni tangu Oktoba 2014, Ebola ya mwaka 2018, utawala wa kijeshi ulioanza Mei 2021. Mtu aliyezika jamaa baada ya jamaa na bado anasema Mungu yupo, imani yake imepimwa. Lakini swali linabaki, na ni swali la dini kabla halijawa la tiba: mgonjwa anapokosa hewa, ni nani hasa amemnyima?

Saratani ya ovari hujificha. Mara nyingi hugunduliwa ikiwa imeshatapakaa, tumbo limejaa maji, na mwanamke amezunguka miezi kadhaa akipewa dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo. Upasuaji wake ni mrefu. Mkato huanzia chini kabisa ya tumbo, hupita kitovu, na wakati mwingine hufika karibu na kifua. Daktari hutoa ovari, mji wa mimba, utando wa mafuta unaofunika utumbo, na kila kivimbe anachokiona. Saratani ikiwa imegusa kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, nacho hukwanguliwa au kukatwa. Hapo ndipo mapafu, ambayo hayakuwa na ugonjwa, yanapoanza kulipa. Maji hujaa kifuani, hasa upande wa kulia. Kwa maumivu, mgonjwa huogopa kuvuta pumzi ndefu, huogopa kukohoa. Sehemu za chini za mapafu hujikunja kama sifongo iliyokaliwa, makohozi hutuama, nimonia hufuata. Hatari nyingine huja kimya kimya. Saratani hii huifanya damu igande upesi. Bonge hujitengeneza kwenye mshipa wa mguu, hung'oka, hupanda hadi mapafuni, na mama aliyekuwa akinywa uji asubuhi anaweza kufa kabla ya adhuhuri.

Butembo yenyewe inaongeza mzigo. Mji uko kwenye milima, takriban mita 1700 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi inayovutwa pale ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pumzi ya Mombasa au Dar es Salaam. Mtu mwenye afya haioni tofauti hiyo, kwa kuwa mwili wake umezoea. Mgonjwa mwenye pafu moja lililojikunja anaiona.

Sehemu kubwa ya kinga dhidi ya matatizo haya karibu haina bei. Mgonjwa huketishwa mapema, siku ileile au kesho yake. Hupewa dawa ya maumivu ya kutosha ili aweze kupumua. Hushikishwa kitenge kilichokunjwa mara nne au tano, akibane juu ya kidonda, halafu muuguzi humwambia: "Mama, kohoa. Usiogope, nyuzi hazitakatika." Hupewa chupa ya maji yenye mrija apulize viputo mara kadhaa kwa saa. Hutembezwa, ameshikwa mkono na binti au dada yake, kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi. Katika hospitali za Kongo mlinzi wa mgonjwa, yule ndugu anayelala chini ya kitanda na kupika uani, ndiye mkono wa pili wa muuguzi; akifundishwa haya, ataokoa mtu. Asipofundishwa, atamfunika mgonjwa wake blanketi, atamsihi alale atulie, na kwa upendo huohuo atamkaribisha nimonia.

Kisha yako yenye bei: sindano za heparini za kuzuia damu kuganda, mpira wa kutoa maji kifuani, oksijeni ya mtungi au ya mashine inayohitaji umeme usiokatika, na mwisho kabisa mashine ya kupumulia. Ni katika orodha hii ya pili ndipo kauli ya mapenzi ya Mungu inapaswa kuchunguzwa.

Wanateolojia walilijadili jambo hili zamani. Katika karne ya 16, Francisco de Vitoria, Mdominiko aliyefundisha Salamanca, Hispania, aliuliza mtu anawajibika kwa kiasi gani kuutunza uhai wake. Alijibu kwamba mgonjwa anayekula chakula cha kawaida cha watu wa kwao hana kosa, hata kama daktari amemwagiza ale kuku na hata kama kuku hao wangemwongezea miaka 20. Jibu hilo linashangaza mpaka mtu akumbuke alikuwa akilindwa nani. Alikuwa akilindwa maskini. Vitoria hakutaka mtu asiye na kuku afe akiamini amejiua.

Kutoka hapo lilikua fundisho la Kanisa Katoliki kuhusu njia za kawaida na njia zisizo za kawaida za kutunza uhai. Kisha pumzi yenyewe ikaingia katika swali hilo. Mwaka 1952, katika mlipuko wa polio mjini Copenhagen, daktari wa nusukaputi Bjørn Ibsen alionyesha kwamba mgonjwa aliyeshindwa kupumua anaweza kupuliziwa hewa kwa mfuko wa mkono kupitia tundu la kooni. Mashine hazikutosha, kwa hiyo wanafunzi wapatao 1500 walipokezana zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko ile kwa vidole. Vifo vilipungua sana. Miaka mitano baadaye, tarehe 24 Novemba 1957, Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa nusukaputi waliomuuliza kama ni lazima kuendelea na mashine pale tumaini linapokwisha. Alisema mtu analazimika kutumia njia za kawaida tu, na kwamba ukawaida huo hutegemea hali ya mtu, mahali, wakati na utamaduni.

Neno "mahali" katika jibu hilo lina kishindo likisomwa Butembo. Oksijeni ni kitu cha kawaida kabisa Roma. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Je, ikiwa mtungi haupo Butembo, basi oksijeni imekuwa njia isiyo ya kawaida, na anayeikosa hakudhulumiwa na mtu?

Hapana. Fundisho lile liliandikwa kumwondolea mzigo mgonjwa asiyeweza. Halikuandikwa kumpa udhuru anayeweza. Mama asiye na fedha ya heparini hana dhambi, na mume aliyeuza shamba lake na bado fedha hazijatosha hana dhambi. Dhamiri zao ziko huru. Lakini serikali ya Kongo, ambayo Katiba yake ya 18 Februari 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya, haiwezi kujificha chini ya shuka la mama huyo. Wala haiwezi dola hiyohiyo iliyokaa Abuja na dola nyingine za Afrika mwezi Aprili 2001 ikaahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Umaskini wa mgonjwa unamsamehe mgonjwa peke yake.

Watu wa Beni na Butembo wana ushahidi wao wenyewe wa jambo hili, na hawahitaji kuazima mfano Ulaya. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kuugua kulikuwa karibu sawa na kuhukumiwa. Mlipuko ulipoisha Juni 2020, zaidi ya watu 2200 walikuwa wamekufa, theluthi mbili ya walioambukizwa. Hata hivyo, katikati ya hofu ile, kuanzia Novemba 2018, vituo vya Beni, Mangina, Katwa na Butembo vilifanya jaribio la dawa nne kwa wagonjwa. Agosti 2019 ikajulikana kwamba mbili kati yake zinaokoa. Moja ilitokana na kinga ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, kazi ambayo mtaalamu wa virusi wa Kongo, Profesa Jean-Jacques Muyembe, alikuwa na mkono ndani yake. Kati ya waliopewa dawa hizo mbili walikufa karibu theluthi moja; kati ya waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache, alikufa mmoja hivi kati ya kumi. Kwa muda wa mwaka mmoja, katika miji hiihii yenye barabara mbovu na milio ya risasi, jambo lililoitwa mapenzi ya Mungu likapata dawa, na dawa ikatolewa bure.

Mafanikio hayo yalilipwa pia kwa damu. Kituo cha Katwa kilichomwa moto Februari 2019, na tarehe 19 Aprili mwaka huohuo Dakta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo. Chuki iliyozaa mashambulizi hayo ilikuwa na mizizi mingi, na mmojawapo ulikuwa swali la haki lililoulizwa barabarani kila siku: mbona ulimwengu umekuja na magari kwa ajili ya Ebola, na haukuja kwa ajili ya wanaochinjwa, wala wanaokufa kwa uzazi, malaria na saratani? Swali lile halikujibiwa. Magari yaliondoka.

Upande wa pili kuna hatari ya imani inayokataa mkono wa mwanadamu. Vyumba vya maombi ni vingi Butembo na Beni, na baadhi humwambia mgonjwa kwamba kukubali kisu au oksijeni ni kupungukiwa imani. Wakatoliki wanaweza kujibu kwa Yoshua bin Sira, sura ya 38, inayoagiza mganga aheshimiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba. Lakini Wabaptisti na Waadventista hawana kitabu hicho katika Biblia yao, kwa hiyo heri kuanzia kwa Elisha. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mtoto wa mwanamke Mshunami amekufa. Elisha anamtuma mtumishi wake atangulie na fimbo, aiweke juu ya uso wa mtoto. Fimbo haifanyi kitu. Ndipo nabii anakuja mwenyewe, anafunga mlango, anasali, kisha anajilaza juu ya mtoto, kinywa kwa kinywa, mpaka mwili unapata joto na mtoto anapiga chafya mara saba. Sala ilikuwapo, na pumzi ya mtu mwingine ilikuwapo. Anayehubiri fimbo peke yake amesoma nusu ya sura.

Wamisionari wa Oicha, kaskazini mwa Beni, hawakuwa na mgogoro huo. Carl Becker, daktari Mmarekani aliyefika Oicha mwaka 1934 na kubaki mpaka uasi wa Simba wa 1964, alihubiri na kupasua mahali pamoja, na watu walimwita Munganga. Hospitali za misheni mpaka leo huomba kabla ya kisu. Wakatoliki nao wana Mpako wa Wagonjwa, ambao tangu Paulo VI aurekebishe mwaka 1972 haungoji mtu akate roho. Unafaa kabla ya upasuaji mkubwa. Inasikitisha kwamba familia nyingi bado zikimwona padri akiingia wodini huanza kulia kana kwamba ameleta jeneza.

Basi yako mambo mawili yanayofanana kwa nje na kutofautiana kabisa kwa Mungu. Daktari na familia wanaweza kukaa chini, wakaona saratani imekula kila kitu na mashine inarefusha mateso tu, wakakubali kuiondoa, wakamshika mama mkono, wakamwacha aende. Pius XII aliruhusu hilo, na waraka wa Vatikani wa Mei 1980 kuhusu eutanasia ulilirudia. Huko ni kujinyenyekeza mbele ya kifo. Lakini mashine ikizimika saa nane za usiku kwa sababu mafuta ya jenereta yamekwisha, au sindano isipochomwa kwa sababu bili ya jana haijalipwa, hakuna aliyejinyenyekeza mbele ya chochote. Mtu huyo ameachwa. Kuliita tendo hilo mapenzi ya Mungu ni kumsingizia Mungu.

Butembo ina historia ya kutongoja. Chuo Kikuu cha Graben kilianzishwa mwaka 1989, wakati wa uaskofu wa Emmanuel Kataliko, katika mji ambao dola iliupa kidogo sana. Wafanyabiashara wake wamezoea kujijengea. Maparokia, makanisa na wafanyabiashara haohao hutoa sadaka za ujenzi kila mwaka. Iwekwe kando sehemu ya sadaka hizo kwa ajili ya pumzi: vipimo vya kidoleni kwa kila wodi ya upasuaji, mitungi iliyojaa, betri za jua kwa mashine za oksijeni, na mfuko mdogo wa heparini kwa wanawake wasio na kitu. Makatekista na wachungaji wanaozuru wagonjwa wajifunze kumketisha mtu aliyepasuliwa na kumfundisha kukohoa, kisha waombe. Na hesabu ya asilimia 15 wadaiwe wabunge wa Kivu ya Kaskazini kila wanaporudi kuomba kura.