Mwalimu wa Dini Aliyekaa Karema Miaka 67

Twaijua sote habari ya Yosefu mwana wa Yakobo, jinsi ndugu zake walivyomwuza. Lakini liko jambo moja ambalo watu hulipitia upesi: wale waliomnunua hawakuwa wanyang'anyi. Walikuwa wafanya biashara, watu wa msafara, wenye safari yao na mizigo yao ya kupeleka Misri. Kijana alitiwa katika hesabu ya mizigo, na safari ikaendelea.

Wenyeji wa Tabora hawahitaji kufafanuliwa habari hiyo. Njia ya namna ile ilipita milangoni pao. Ilianza Bagamoyo, ikavuka Ugogo ambako kila mtemi alidai hongo yake, ikafika Unyanyembe baada ya mwendo wa miezi mitatu hivi. Hapo iligawanyika: huku Ujiji, huku Karagwe na Buganda, na huku kusini magharibi kuelekea Karema katika pwani ya Ziwa Tanganyika. Nguo, shanga na masango vilipanda. Pembe za ndovu zilishuka. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi walikuwa watu huru, wakibeba kama frasila mbili kila mmoja kwa ujira wake, na safari ya pwani ilikuwa fahari ya ujana wao. Lakini mara nyingi katika njia ile ile walitembea na wengine, ambao hawakulipwa kitu, na shingo zao zilikuwa zimefungwa.

Leo twataka kumkumbuka mtu mmoja aliyeipita njia hiyo kuelekea bara akiwa huru, ingawa utotoni alikuwa ametembezwa jangwani akiwa bidhaa. Jina lake Adrian Atiman.

Alizaliwa mwaka 1866 hivi, mbali sana na sisi, karibu na mto Niger upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876 Mapadri Weupe walimkomboa huko Algeria kwa kulipa fedha. Wako waulizao kama fedha za namna hiyo hazikumnufaisha mwuzaji na kumtia hamu ya kukamata mwingine. Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Twasema tu kwamba yule mtoto aliyesimama pale hakuweza kungoja mpaka wakubwa wamalize kulijibu.

Kardinali Lavigerie, aliyelianzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, alikuwa na shauri lake. Aliona kwamba mgeni kutoka Ulaya hata akijitahidi vipi atabaki mgeni kijijini. Bali Mwafrika aliyejifunza uganga, akaoa huku, akala chakula cha huku, angeingia nyumba ambazo padre hakaribishwi. Na baada ya kufunga kidonda angeweza kunena habari za Mungu. Kwa hiyo baadhi ya vijana waliokombolewa walipelekwa kisiwa cha Malta kujifunza udaktari. Atiman alikaa huko tangu mwaka 1881 hadi 1888.

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Kijana huyu alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Alikuwa huru. Alikuwa na elimu ambayo wakati ule Waafrika wachache mno walikuwa nayo, na kwa elimu hiyo angeweza kujipatia maisha mema katika miji ya Algeria au Tunis. Badala yake alikubali kutumwa upande mwingine kabisa wa Afrika, kwa watu ambao hakujua lugha yao wala wao hawakujua kwao. Alifika Unguja mwaka 1888, wakati nchi ya pwani ilipokuwa ikiwaka vita vya Abushiri na Wajerumani, akashika njia ya misafara. Biashara ya watu ilikuwa bado hai katika nchi za ziwa. Kila kambi aliyolala ilikuwa kambi waliyolala watumwa kabla yake.

Alifika Karema mwanzoni mwa mwaka 1889. Ilikuwa boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao wakawaachia wamisionari mwaka 1885. Hakuondoka tena. Alioa huko Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, na mwana wao akaitwa Joseph. Huyo Joseph akawa padre. Tafadhalini, ninyi wazazi, lifikirini jambo hilo: baba aliuzwa sokoni kama mbuzi, na mwana akasimama altareni.

Kazi ya Atiman ilikuwa mbili, nazo hazikutengana: kutibu na kufundisha dini. Pwani ile ilikuwa na ndui. Ikaja na malale, ugonjwa uliomaliza watu wengi kando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mgonjwa hachagui saa. Mwalimu naye, aliyekesha kwa mgonjwa, asubuhi wakatekumeni wanamngoja. Hivyo mwaka hata mwaka. Wajerumani walitawala, wakaenda zao. Waingereza wakashika nchi. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, mwaka 1914 ikafika Kigoma, na njia ya wapagazi ikaota majani. Karema haikupata reli. Mahali palipokuwa pa maana katika safari za zamani pakawa pembeni, na mganga wake akabaki pale pale. Sheria ya kufuta utumwa katika Tanganyika ilitoka mwaka 1922 tu. Wakati huo yeye, aliyewahi kuwa mtumwa, alikuwa amewatumikia watu wa huko kwa hiari miaka 33.

Sifa zilimfikia uzeeni. Alipewa nishani, na mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa habari za maisha yake kama alivyozisimulia mwenyewe. Alikufa mwaka 1956, mzee wa miaka tisini hivi, miaka mitano kabla ya Uhuru. Leo Karema imo katika Jimbo la Mpanda.

Basi, mbona twaandika haya sasa? Kwa sababu Atiman alikuwa katekista, na katekista tunao bado. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwasifu mwaka 1965 katika hati yake juu ya kazi ya kimisionari. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka kazi yao kuwa huduma rasmi katika Kanisa. Sifa, basi, hazikupungua. Lakini tuingie kigangoni tuone. Padre huja siku zake, maana vigango ni vingi. Siku nyingine zote nani anaongoza ibada ya Jumapili? Nani anawafundisha watoto wetu wajiandae kwa Komunyo ya kwanza? Mtu akifa usiku wa mvua, nani anagongewa mlango? Ni yule yule. Na akimaliza kuzika, huchukua jembe lake aende shambani, kwa kuwa posho aliyoahidiwa ni ahadi tu. Tumbaku ikiuzwa sote twakumbuka kununua mabati. Yeye twamkumbuka mara moja moja.

Wala hatusemi haya kama watu wasio na hatia. Sisi tunaoandika tumekaa katika kamati, tukazungumza saa nzima juu ya rangi ya ukuta wa kanisa, na lilipofika jambo la mwalimu wa dini mtu mmoja akasema jua limekuchwa, tuliahirishe. Tukaliahirisha. Hakuna aliyepinga, na mwalimu mwenyewe alikuwa ameketi pale akiandika kumbukumbu za mkutano.

Na nyumbani je? Kijana akifaulu mtihani, twamshukuru Mungu na kuchinja kuku. Akisema, "Baba, napenda nikasomee ukatekista," nyumba hunyamaza, kana kwamba ametangaza msiba. Wazazi hao tusiwahukumu haraka. Wameona jinsi mwalimu wao anavyoishi, wakaogopa kwa ajili ya mtoto wao. Woga huo tumeutia sisi wenyewe, nasi twaweza kuuondoa. Kilo chache za mahindi kutoka kila nyumba wakati wa mavuno, zikatolewa bila kusukumwa na bila kumfanya mwalimu ashukuru kama mwombaji, zingebadili mambo katika vigango vingi kabla ya Noeli.

Jumapili hii, baada ya ibada, msikimbilie nyumbani. Mwendeeni mwalimu wenu wa dini, mwamkieni, mwulizeni watoto wake wanasoma wapi. Kisha itazameni baiskeli yake pale chini ya mwembe, mwone kama ina breki.