"Haijajulikana" Si "Haina"

Hivi karibuni nilikuwa katika jopo lililokataa pendekezo la utafiti la mwanafunzi wa uzamili. Alitaka kuchunguza protini ya jeni iitwayo C9orf72, na aliandika kwamba "kazi yake haijajulikana vizuri". Muhtasari wa kikao ukaandika "protini isiyo na kazi". Neno moja likamezwa, na binti wa watu akaondoka mikono mitupu.

Jeni ni nini, vitabu vya shule vinatosha. Kinachoniuma ni kule kuteleza. Kutojulikana ni hali yetu sisi tunaotazama. Kukosa kazi ni hali ya kitu chenyewe.

Kwamba fedha ni chache na malaria inayoua inazihitaji zaidi, nakubali. Lakini mwenzetu mmoja alisema, "Ingekuwa na maana, ingekwishajulikana," na wengine wakaafiki. Hoja hii inadhani kila mlango umekwisha kubishiwa hodi. Si kweli! Jina C9orf72 lenyewe ni anwani tu, namba 72 katika kromosomu ya 9. Hadi 2011 wachache mno waliijali. Mwaka huo timu mbili zilionyesha kwamba herufi zake sita, GGGGCC, zikijirudia mara mamia, huleta ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, na pia aina ya upungufu wa akili unaobadilisha tabia ya mtu. Wagonjwa walikuwapo kabla ya 2011. Jeni haikubadilika siku ile, tulibadilika sisi. Na panya walipoondolewa jeni hiyo, neva hazikufa kama ilivyotarajiwa, ila bandama lilivimba na kinga ikaushambulia mwili wenyewe. Aliyetazama neva peke yake angesema haina kazi.

Hapo mimi huikumbuka daima tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Kwa muda mrefu ilionekana masalio tu, maana mnyama mzima akitolewa tezi hiyo, huendelea kuishi. Mwaka 1961, mjini London, Jacques Miller aliwatoa tezi hiyo panya waliozaliwa punde. Wakadhoofika, kinga yao ikaporomoka. Tezi ni ileile. Waliotangulia waliiuliza wakati ilipokuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Je, kila kisichojulikana kinatudai fedha? Sijui, na huenda zipo protini zisizofanya lolote. Ninaloliomba jopo ni dogo: kabla ya kikao kijacho, muhtasari usahihishwe, uandikwe "haijajulikana", kama binti alivyoandika.