Nani Abaki Darasani?

Ndugu zangu wa kambi, na ninyi mnaotuhudumia, nina swali ambalo limenikwama kooni. Mzazi maskini akimtoa mtoto mmoja shule ili mwingine abaki, je, ametenda kosa, au ni umaskini uliotenda?

Nauliza kwa sababu nilifanya hivyo. Tulipokimbia kutoka upande wa Beni hatukuja moja kwa moja kambini. Tulivuka Mpondwe, tukapita Bwera, tukapokelewa na jamaa zetu Wakonzo kule Mahango, milimani. Nikawa nafanya kibarua, nachuma kahawa ya watu. Masika akaingia darasa la tano, mdogo wake Mumbere la nne.

Uganda ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 1997, ile tuliyoiita minerivali kwetu. Mwaka ule wanafunzi walipanda kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Ni jambo kubwa, sikatai. Lakini karo siyo shule yote. Kuna sare, madaftari, hela ya mtihani, uji wa mchana. Muhula wa pili nilihesabu hela zangu, zikatosha mtoto mmoja tu.

Nikamwambia Masika, "Wewe utaolewa, mwachie mdogo wako." Hakulia. Alichukua jerikeni akashuka mtoni.

Kumbe hesabu yangu ilikuwa mbovu. Mwaka haujaisha, Mumbere naye akaanza kutoroka, anashuka Kasese mjini kubeba mizigo sokoni. Akishaonja hela yake, nani atamrudisha kwenye daftari? Msichana hutokea mlango wa jikoni, mvulana hutokea mlango wa soko, na darasa linabaki na madawati.

Jirani alinifariji: "Baba Masika, usijilaumu. Umaskini ndio ulioamua." Nimelifikiri neno hilo muda mrefu. Ni kweli, umaskini uliamua kwamba mmoja atoke. Lakini haukusema awe Masika. Hilo nilisema mimi. Sikumwuliza yeye anataka nini. Sikumwuliza mwalimu nani anaelewa zaidi. Sikuomba kulipa kidogo kidogo. Kama ningeuliza yote hayo na bado mmoja akatoka, ningebaki na uchungu, siyo kosa. Kosa ni kuamua kabla ya kuuliza, eti kwa sababu ni msichana.

Kwetu Wanande, kama kwa Wakonzo, majina ni hesabu. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Jina lake linasema: wa kwanza. Mimi nilimweka wa mwisho.

Ninyi wa mashirika, msihesabu tu wanaoingia mwezi wa pili. Rudini mwezi wa kumi na moja, hesabuni wasichana peke yao na wavulana peke yao, kisha ulizeni majina ya waliopotea na mlango waliotokea. Na sisi wazazi, kabla ya kumtoa mtoto, tumkalishe aseme.

Masika amerudi shule hapa kambini. Ana miaka 15, anakaa dawati moja na watoto wadogo. Kila asubuhi ananiamkia kwa heshima. Kama amenisamehe, sijui, maana sijawahi kumwuliza. Leo jioni nitamwuliza.