Milango Iliyofungwa kwa Hofu

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya lesoni ya juma hili: Yohana 20:19–29, Yohana 11:7–16, 2 Wakorintho 7:5, 6, 2 Petro 1:12, Matendo 4:13–31.

Fungu la kukariri: Yohana 20:21. Kila mmoja alikariri kwa lugha anayoombea nyumbani, iwe Kirundi, Kiha au Kiswahili.

Ilikuwa jioni ya siku ya kwanza ya juma. Asubuhi ile Mariamu Magdalena alikuwa amewaambia kwamba amemwona Bwana. Petro na mwenzake walikuwa wamekwenda mbio hadi kaburini na kulikuta tupu. Walikuwa na habari njema kuliko zote zilizowahi kusikika duniani, na bado jua lilipozama wanafunzi walikuwa ndani, milango imefungwa.

Juma hili tutakaa nao katika chumba kile. Lesoni hii imeandaliwa kwa kuwafikiria kwanza washiriki walioko Nduta, wilayani Kibondo, pamoja na makanisa ya Kibondo na Kasulu yaliyo jirani nao. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena Oktoba 2015, baada ya Nyarugusu kufurika Warundi waliokimbia machafuko yaliyoanza nchini mwao Aprili mwaka ule. Mwaka 2017 watu wa Nduta walizidi 100,000. Kwa wengine hiyo haikuwa safari ya kwanza. Wapo waliovuka mpaka huu mwaka 1972 wakiwa watoto wa mgongoni, wakavuka tena baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, na mwaka 2015 wakavuka wakiwa wamemshika mjukuu mkono.

Mtu wa namna hiyo akiketi katika darasa lako la Shule ya Sabato, utamwambia nini kuhusu hofu?

JUMAPILI: Hofu yenye sababu

Soma Yohana 20:19. Yohana anataja sababu ya milango kufungwa, naye haoni aibu kuitaja. Mwalimu wao alikuwa amesulubiwa siku mbili tu zilizopita. Petro alikuwa ametambuliwa uani kwa kuhani mkuu, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Waliomkamata Yesu walikuwa bado mjini. Kwa hiyo waliofunga mlango hawakuwa watu wa kuogopa kivuli.

Katika madarasa yetu limezoeleka fungu la 2 Timotheo 1:7, lile la roho ya woga. Ni fungu zuri, lakini mara nyingi tunalitumia kama fimbo. Ndugu anaanza kueleza kinachomnyima usingizi, na kabla hajamaliza mtu wa benchi la mbele amekwisha kumsomea. Ndugu ananyamaza. Sabato ijayo, kiongozi akiuliza habari za juma, atajibu kwamba ni nzuri, Mungu ni mwema.

Lakini soma 2 Wakorintho 7:5, 6. Aliyemwandikia Timotheo maneno yale ndiye anayekiri hapa kwamba alipofika Makedonia, nje kulikuwa na vita na ndani yake kulikuwa na hofu. Na tazama jinsi Mungu alivyomfariji: alimletea Tito. Faraja ilikuja kwa miguu, ikabisha hodi.

Hofu za Nduta nazo zina sababu. Mama anatoka kambini kutafuta kuni, na kila mwanamke katika kijiji chake anajua yaliyowapata wenzake njiani. Baba hajui jina lake linasemwaje kwenye kilima alichokimbia. Agosti 2017 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walikubaliana kuwasaidia wanaotaka kurudi kwa hiari, na misafara ikaanza mwezi uliofuata. Tangu hapo swali moja limelala katika kila nyumba: turudi au tubaki? Neno hiari ni tamu kulitamka, ila mgao unapopungua na uvumi wa kambi kufungwa unapozidi, mtu hupiga magoti akiomba na bado hajui achague lipi.

Je, darasa lako lina nafasi ya mtu kusema, "Naogopa," na asijibiwe haraka?

JUMATATU: Baada ya siku nane

Soma Yohana 20:20–26. Yesu hakusimama nje akisubiri wafungue. Hakuwauliza kwa nini wamejifungia. Alisimama katikati yao, akawapa amani, akawaonyesha mikono na ubavu. Mwili uliofufuka ulikuwa bado na makovu, na hayo ndiyo aliyowaonyesha watu wenye hofu. Kisha akawapa amani mara ya pili na papo hapo akawatuma.

Mtu angedhani kesho yake milango ilikuwa wazi. Lakini soma fungu la 26 polepole. Siku nane zimepita, wamekwisha kumwona Bwana, wamekwisha kutumwa, na milango bado imefungwa. Safari hii Yohana hataji hofu, anataja milango tu. Kwangu mimi fungu hili ni faraja kubwa. Bwana alirudi katika chumba kilekile, akaanza na salamu ileile. Wenye kudhani kwamba ujasiri hushuka mara moja usiku wa ubatizo wakae na fungu hili kwa dakika chache.

Na Tomaso je? Tunamwita mwenye mashaka, na jina limemganda. Soma Yohana 11:7–16: wenzake walipohofia kurudi Uyahudi, ni yeye aliyesema twende tukafe naye. Jioni ile ya kwanza ni yeye aliyekuwa nje ya mlango uliofungwa. Biblia haisemi alikuwa wapi, nasi tusijaze. Tunachojua ni kwamba aliporudi alisema waziwazi kuwa hasadiki, na baada ya siku nane alikuwa bado pamoja nao. Wale kumi hawakumtoa. Juma zima walikula, walisali na kulala na mtu aliyekana jambo kuu la imani yao, naye akawa mahali ambapo Bwana angemkuta.

JUMANNE: Waasisi na mlango wa rehema

Soma 2 Petro 1:12. Waasisi wetu walipenda kusema juu ya kweli ya wakati huu, yaani kweli ambayo Mungu anaikazia katika kizazi husika. Walijifunza kwa gharama.

Baada ya Oktoba 22, 1844 kupita bila Bwana kuja, walidhihakiwa na kutengwa na makanisa yao. Kundi dogo lililoanza kuitunza Sabato liliamini kwa miaka kadhaa kwamba mlango wa rehema umekwisha kufungwa kwa ulimwengu. James White aliamini hivyo, na Joseph Bates pia. Walikuwa na mafungu yao ya Biblia, lakini ni rahisi kuona jinsi maumivu yalivyoyasaidia mafungu hayo kueleweka hivyo. Aliyechekwa na jirani hapati shida kusadiki kwamba jirani hana tena nafasi.

Kilichowabadilisha ni kujifunza zaidi, na pia watu waliokuja. Walitokea waongofu ambao hawakuwamo katika vuguvugu la 1844, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1850 wazo lile lilikuwa limeachwa. Halafu ikaja hofu nyingine: wengi waliogopa hata kujipa jina na uongozi, wasije wakawa Babeli. Jina walilikubali Battle Creek mwaka 1860, na Konferensi Kuu ikaundwa mwaka 1863.

Mwaka 1874 walimtuma J. N. Andrews kwenda Uswisi, mmisionari wao rasmi wa kwanza ng'ambo. Mwaka 1903 Johannes Ehlers na A. C. Enns, waliotumwa kutoka Ujerumani, wakafika Upare. Wangebaki na imani yao ya 1845, ujumbe usingevuka bahari.

Wapo wanaoshtuka wakisikia kanisa linalopiga hatua. Wanadhani ni kuacha nguzo. Sabato haikuachwa, wala tumaini la marejeo. Kilichoachwa ni kufuli.

JUMATANO: Sabato ya Aprili 16, 1994

Tumetazama mlango ambao waasisi wetu waliufungua. Leo tutazame malango mawili ya nchi jirani, katika kanisa letu wenyewe. Si rahisi kuandika haya katika kijitabu cha lesoni. Lakini wasomaji wa Nduta wanayajua, na kunyamaza kwetu hakuwasaidii.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda, maelfu ya Watutsi walikimbilia eneo letu la Mugonero, kwenye kanisa na hospitali. Miongoni mwao walikuwamo wachungaji wa Kiadventista na familia zao. Wachungaji hao walimwandikia kiongozi wao, Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, wakimweleza kwamba kesho yake watauawa na kumsihi awaombee kwa wakuu. Hawakuokolewa. Mashambulizi yalikuja Aprili 16, siku ya Sabato. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani mchungaji huyo kwa kusaidia mauaji ya kimbari, ikamhukumu miaka 10 gerezani.

Siku hizohizo Carl Wilkens, Mwadventista Mmarekani aliyeongoza shirika letu la ADRA nchini Rwanda, alikuwa Kigali. Familia yake iliondoka na Wamarekani wengine. Yeye alibaki, kwa kuwa ndani ya nyumba yake walikuwamo wafanyakazi wa Kinyarwanda ambao wangeuawa kama angewaacha. Baadaye alisaidia kuokolewa kwa watoto yatima wa Gisimba. Alipokutana na Waziri Mkuu wa serikali ileile iliyoendesha mauaji, alimsogelea na kumwomba awalinde watoto wale.

Lakini katika habari za Wilkens ninaowakumbuka zaidi ni kina mama majirani. Mwanzoni kabisa wauaji walipofika kwenye lango lake, wanawake wa mtaa ule walisimama mbele yao. Hawakuwa na silaha. Walisimulia jinsi watoto wa nyumba ile wanavyocheza na watoto wao, na wauaji wakaondoka. Sina shaka kwamba kina mama wale walitetemeka. Walikuwa Wanyarwanda, wakijua wanaoongea nao ni watu gani.

Soma 1 Yohana 4:18 pamoja na habari hii. Wanawake wale walikuwa wamejenga ujirani kabla ya siku mbaya, kwa chumvi ya kuazimana na watoto wa kuita kula. Ujirani huo ndio waliokuwa nao mkononi langoni.

Kati ya Waha na Warundi lugha zinasikilizana karibu neno kwa neno. Hata hivyo kuna makanisa ya nje ya kambi ambako neno mkimbizi linatamkwa kama neno mwizi, na kuna madarasa ndani ya kambi ambako watu huketi kwa kuangalia nani ni wa upande gani. Ujirani wa kuazimana chumvi haujengwi siku ambayo wauaji wako langoni.

ALHAMISI: Walikwenda kwa watu wao

Soma Matendo 4:13–31. Petro na Yohana wametishwa na baraza. Wakifunguliwa wanakwenda moja kwa moja kwa wenzao na kuwaeleza yote waliyoambiwa, vitisho vyote. Ndipo kundi lote linaomba. Katika maombi yao hawakatai kwamba vitisho vipo. Wanaviweka mbele za Bwana, na wanachoomba ni kulinena neno kwa ujasiri.

Angalia mpangilio huo. Hofu ilisemwa kwanza, ndipo ujasiri ukaombwa. Kundi lisilojua vitisho vya mshiriki wake litamwombea nini?

Mwalimu wa darasa, Sabato hii fikiria washiriki wawili. Mmoja amejiandikisha kurudi Burundi na hajasema, kwa sababu anaogopa wenzake watamhesabu msaliti. Wa pili ameamua kubaki na hajasema, kwa sababu anaogopa kuambiwa hana imani kwamba Mungu yuko Burundi pia. Wanaketi benchi moja na kuimba kitabu kimoja. Huenda mmoja akaondoka na msafara wa Jumanne bila kuombewa.

Si kazi ya darasa kuwaamulia. Biblia inaye Yakobo anayeambiwa arudi nchi ya baba zake (Mwanzo 31:3), na inaye Yusufu anayeambiwa akae Misri na mtoto mpaka aambiwe tena (Mathayo 2:13). Kazi ya darasa ni kuwawekea mikono wote wawili. Na linalosemwa darasani lisifike kwenye foleni ya mgao Jumatatu. Ujasiri wa mtu mmoja kusema unategemea sana adabu ya wengine kutunza siri.

IJUMAA: Maswali ya kujadili

1. Tomaso alikaa na wenzake siku nane akiwa hajasadiki. Katika kundi lenu, mtu mwenye swali zito angedumu siku ngapi kabla ya kuitwa kwenye baraza la kanisa?

2. Ni fungu gani la Biblia mmewahi kusomewa mkiwa na hofu, likawafunga mdomo? Lilikuwa na maana gani mahali lilipoandikwa?

3. Makundi ya Kibondo na Kasulu: ni lini mara ya mwisho mshiriki kutoka kambini alipewa nafasi ya kufundisha lesoni kwenu, au nyinyi kuomba ruhusa ya kwenda kusali naye? Ni nini kinachozuia, sheria au mazoea?

4. Makundi ya Nduta: kabla ya kuanza kujadili, kaeni wawiliwawili, kila mtu na yule ambaye hajawahi kuomba naye. Kila mmoja ataje jambo moja analoliogopa juma hili. Mwenzake asitoe shauri wala fungu. Aombe tu, akilitaja jambo lile kwa jina lake. Kisha mbadilishane.