Mwenye Shamba la Juu na Mnywaji wa Chini

Liko swali ambalo wanavyuoni wa fikihi walilizungumza tangu zamani, na leo limetujia kwa sura mpya. Mtu amerithi shamba lake kwa halali, akakata miti yake, akalima mpaka ukingo wa mto. Mvua ikanyesha, ikauchukua udongo wake, ukayachafua maji ya watu walio chini yake. Je, ana dhambi au hana? Ardhi ni yake, jembe ni lake, na mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Basi mwenye kudhulumu ni nani?

Mfano wa jambo hili tutautoa Sio Port. Huu ni mji mdogo ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wasamia, kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Mto Sio hupita Bungoma na Busia, huwa mpaka baina ya nchi mbili hizo kwa kipande cha safari yake, kisha huingia ziwani. Watu wa huko ni wavuvi na wakulima wa mahindi, mihogo na mtama. Lililotendwa juu ya mto, wao ndio wapokeao.

Wapokea nini? Shamba lililolimwa kufuata mteremko, likaachwa wazi bila majani wala mabua, mvua ya masika huligonga na kuuondoa udongo wa juu, nao ndio wenye rutuba yote. Udongo huo huchukua samadi na mbolea ya dukani, ukateremka navyo mpaka ziwani. Mbolea iliyokuwa chakula cha mahindi huwa chakula cha miani na cha gugumaji. Mimea hiyo ikifa na kuoza, huimaliza hewa iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi. Gugumaji lenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilionekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980. Tangu hapo mara nyingi limeziba bandari, mvuvi asiweze kutoa mashua yake. Mafunjo ya kinamasi yalikuwa chujio alilolitengeneza Mola, yakiuzuia udongo kabla haujafika ziwani. Nayo yafyekwa ili palimwe. Basi mkulima apoteza rutuba, na mvuvi apoteza riziki. Hasara ni mbili, wala hapana aliyefaidi.

Huenda mwenye kujadili akatuletea hoja ya kitabu. Imam Nawawi katika Minhaj, mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, ameeleza kuwa kila mtu ana haki ya kutumia milki yake kwa mujibu wa ada, hata jirani akiona taabu. Hoja hii ni ya kweli, lakini ni nusu ya maneno. Nusu ya pili ni kwamba akiipindukia ada, basi atadhamini. Na ada ya wakulima wa kale ilikuwa ipi? Walikuwa wakiipumzisha ardhi miaka kadha, na kuyaacha majani ya ukingoni. Leo mashamba yamegawanywa kwa urithi hata yamekuwa vipande, wala ardhi haipumziki. Kwa hiyo anayelima mpaka majini hawezi kusema kuwa afuata ada. Ada ameiacha nyuma.

Tena mafakihi wameeleza habari ya harimu ya kisima na ya mto, yaani ardhi ya pembeni ambayo maji hayawezi kutumika vyema bila hiyo, ikawa haimilikiwi na mtu peke yake. Serikali ya Kenya, katika Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, ilikataza kulima kando ya mto kwa kiasi cha mita 6 mpaka 30. Wengine wadhani hiyo ni sheria ya kigeni. Sisi twaona ni jambo ambalo vitabu vyetu vilikuwa nalo, tukaviweka rafuni.

Na Mtume (S.A.W.) alipohukumu baina ya Zubeir na jirani yake juu ya mfereji, alimpa wa juu haki ya kunywesha kwanza, kisha akamwamuru kuyaachilia maji yamfikie mwenziwe. Kutangulia ni haki, lakini ni haki yenye mpaka. Katika hadithi ya jahazi aliyoipokea Bukhari, watu wa chini walitaka kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe. Na lau wangeachwa, wote wangezama. Huku kwetu wa juu ndio watobozi, na jahazi ni lile lile.

Limebaki jambo zito kuliko yote. Mkulima maskini mwenye kipande kidogo, ambaye ukingo wa mto ndio penye rutuba, tukimwambia auache, tumemwambia watoto wake wale nini? Kanuni ya fikihi yasema kuwa dhara haiondolewi kwa dhara mfano wake. Amri bila uadilifu haizai kitu. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Murang'a kuchimba matuta, na mwaka 1947 wakagoma, wala haikuwa kwa kuwa matuta ni mabaya. Huko Machakos, watu walipoiona faida kwa macho yao, waliyachimba matuta ya fanya juu kwa mikono yao.

Basi wajibu ni wa pande mbili. Wa juu akinge mteremko kwa matuta, apande majani ya tembo kwenye kingo zake, ayaache mabua shambani, achanganye kunde na mahindi. Katika kituo cha utafiti cha ICIPE huko Mbita, ukingoni mwa ziwa hilo hilo, wataalamu wamefundisha kupanda desmodiamu baina ya mistari ya mahindi na majani ya tembo pembezoni. Desmodiamu hulifunika na kulirutubisha shamba, humfukuza nondo wa bua, na huliua gugu la kiduha linalowatesa watu wa Busia. Na majani hayo hulisha ng'ombe. Kwa njia hii ukingo wa mto waweza kuachwa bila ya mtu kulala na njaa. Na wa chini, na serikali, na wenye mali, wamsaidie kwa mbegu, elimu na soko jema. Mwenye kunywa maji safi bila ya kumsaidia ayalindaye, naye ni mdeni.

Msiseme, enyi watu wa pwani, kuwa haya ni ya bara. Tazameni bahari ya Malindi inavyogeuka nyekundu Sabaki ijaapo; ule ni udongo wa mashamba ya watu. Na maji ya Baricho mnywayo yatoka bonde la mto huo huo. Sisi pia ni watu wa chini. Mavuno yakipungua na visima vikiharibika, wako kwetu waendao kwa mganga, au wazungushao ng'ombe mjini, au wasemao ni kudra ya Mungu, kisha wakae. Kudra ni haki, lakini aliyeamrishwa kumfunga ngamia wake kwanza kisha ategemee hana udhuru.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Aaraf amekataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya islahi yake. Sisi tujiitao watu wa islahi tulizingatie neno hilo; limetajwa pamoja na ardhi, wala si na misikiti na vitabu peke yake.

Mola atuwafikie. Wallahu aalam.